Waunda Meli wa Gdańsk: Fundisho kwa Mwenye Silaha



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu chama cha wafanyakazi. Huenda askari akauliza: jambo hili linanihusu nini mimi, ambaye kiapo changu hakiniruhusu kugoma, na ambaye sheria za nchi nyingi zinanikataza hata kujiunga na chama cha namna hiyo? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba mahali ambapo mfanyakazi hana chama cha kumsemea, au anacho lakini hakisikilizwi, mtu wa kwanza kuitwa siku mambo yanapoharibika ni askari. Yeye hakupanga bei ya nyama, wala hakukadiria mshahara wa mtu yeyote. Hata hivyo ndiye anayesimamishwa langoni na bunduki mkononi, akitazamana na watu ambao pengine ni ndugu zake.

Historia inayo mifano mingi ya jambo hili. Leo tumechagua mmoja, nao ni wa chama kilichozaliwa katika kiwanda cha kuunda meli katika mji wa Gdańsk, kaskazini mwa Poland, kwenye pwani ya bahari ya Baltiki.

Tuanze na kazi yenyewe. Meli si kitu cha kuundwa na mtu mmoja. Yuko anayepima mabamba ya chuma na kuyatia alama, yuko anayeyakata, na yuko anayeyaunga kwa moto. Yuko mwendesha kreni anayeyanyanyua na kuyaweka mahali pake, kisha wanafuata mafundi wa mabomba, wa mitambo, wa umeme na wa rangi. Akikosea mmoja, kazi ya wote inaharibika. Akisimama mmoja, wote wanasubiri. Watu wanaofanya kazi kwa namna hii hufundishwa na kazi yenyewe kwamba hakuna aliye peke yake. Ndiyo maana viwanda vya meli, katika nchi nyingi, vimekuwa ngome za vyama vya wafanyakazi.

Tena kazi hii ni ya hatari. Mtu huanguka kutoka juu. Moshi na mvuke wa rangi hujaa ndani ya vyumba vya meli visivyo na madirisha. Na cheche moja ya moto huweza kuangamiza watu wengi. Tarehe 13 Desemba 1961, katika kiwanda hicho cha Gdańsk, moto ulizuka ndani ya meli iliyokuwa ikiundwa, iitwayo Maria Konopnicka. Watu 22 walikufa. Mfanyakazi wa mahali kama hapo hahitaji chama kwa ajili ya kupiga kelele. Anakihitaji ili pawepo mtu mwenye madaraka ya kusema, "Simamisheni kazi, hapa si salama," bila ya kufukuzwa kwa kusema hivyo.

Sasa, ndugu wasikilizaji, tuutazame utawala wa Poland wa siku zile. Baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi hiyo ilitawaliwa na chama kimoja, kilichojitangaza kuwa ni chama cha wafanyakazi. Viwanda vilikuwa mali ya Dola. Meli ya kwanza kubwa iliyoundwa Gdańsk baada ya vita, ya kubebea makaa na mawe ya chuma, ilishushwa majini tarehe 6 Novemba 1948, nayo ikaitwa Sołdek. Hilo halikuwa jina la mfalme wala la jemadari. Lilikuwa jina la Stanisław Sołdek, fundi wa kiwandani hapo hapo, mtia alama kwenye mabamba. Heshima hiyo ilikuwa kubwa, na hatuna sababu ya kuidharau. Lakini Dola iliyoweza kuandika jina la mfanyakazi ubavuni mwa meli haikumruhusu mfanyakazi huyo kujichagulia kiongozi wake mwenyewe. Vyama vya wafanyakazi vilikuwapo, tena vyenye wanachama wengi. Kazi yao ilikuwa kuhimiza uzalishaji, kugawa nafasi za mapumziko, na kuteremsha maagizo kutoka juu. Neno la kutoka chini kwenda juu halikuwa na njia ya kupitia.

Wahenga walisema: kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo ulisikika mwezi wa Desemba 1970. Jioni ya Jumamosi tarehe 12, majuma mawili kabla ya Krismasi, serikali ilitangaza kupandisha bei za vyakula, nyama ikiwa mojawapo. Jumatatu tarehe 14 wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Gdańsk waliacha kazi, wakaandamana kuelekea ofisi za chama tawala. Walitaka kusikilizwa. Hapakuwa na mtu wa kuzungumza nao. Hapakuwa pia na chama chao wenyewe cha kuwaongoza, na umati usio na kiongozi ni kama jahazi lisilo na usukani. Ghasia zikazuka, na kesho yake jengo la chama tawala likateketezwa kwa moto. Siku hiyo hiyo ya tarehe 15, Władysław Gomułka, kiongozi mkuu wa nchi, aliidhinisha matumizi ya silaha.

Tarehe 16 askari waliwapiga risasi wafanyakazi mbele ya lango la pili la kiwanda. Jioni ya siku hiyo kiongozi mmoja wa serikali alitoa wito kwa wafanyakazi warudi kazini. Alfajiri ya tarehe 17, katika mji jirani wa Gdynia, wafanyakazi walishuka kwenye gari moshi wakielekea kiwandani kwao, kama walivyoitwa. Wakakuta jeshi limefunga njia, na risasi zikawapata papo hapo karibu na stesheni. Mkono mmoja wa serikali uliwaita, na mkono mwingine uliwapiga. Katika miji ya pwani hiyo, yaani Gdańsk, Gdynia, Szczecin na Elbląg, walikufa watu 45 na zaidi ya 1,000 walijeruhiwa.

Gomułka aliondolewa madarakani tarehe 20 Desemba. Bei zilizosababisha mauaji zilirudishwa chini mwanzoni mwa mwaka 1971, baada ya mgomo mwingine, wa wanawake wa viwanda vya nguo vya mji wa Łódź. Sasa tujiulize: ikiwa bei ziliweza kushushwa mwezi Februari, watu 45 walikufa mwezi Desemba kwa ajili ya nini? Na askari aliyefyatua risasi alikuwa akilinda kitu gani? Alikuwa akilinda bei ambayo wakubwa wenyewe waliifuta baada ya majuma machache.

Wafanyakazi wa Gdańsk walitafakari jambo hilo kwa miaka kumi, na walijifunza mambo mawili. La kwanza, kwamba bila chama chao wenyewe hasira yao itaishia barabarani, na barabarani mwenye bunduki ndiye mwenye kushinda. La pili, kwamba waliokufa wasisahauliwe. Mwezi Aprili 1978 watu wachache, miongoni mwao mhandisi Andrzej Gwiazda, waliunda kikundi walichokiita Vyama Huru vya Wafanyakazi wa Pwani. Hawakuwa na ofisi wala fedha. Walikuwa na kijigazeti na ujasiri. Pamoja nao alikuwapo fundi umeme Lech Wałęsa, aliyekuwa ametumikia jeshi la nchi yake na kumaliza akiwa koplo. Alikuwa amefukuzwa kiwandani mwaka 1976. Alikuwapo pia mama mmoja, Anna Walentynowicz, aliyeanza kazi mwaka 1950 akiwa muunga vyuma kwa moto, kisha akawa mwendesha kreni. Mama huyu alikuwa mtumishi hodari aliyewahi kutunukiwa nishani kwa kazi yake. Mwezi Agosti 1980 alifukuzwa, ikiwa imebaki miezi mitano tu kufikia kustaafu.

Kwa ajili ya mama huyo, alfajiri ya tarehe 14 Agosti 1980, kiwanda kizima kilisimama. Madai ya kwanza yalikuwa machache: Walentynowicz na Wałęsa warudishwe kazini, mishahara iongezwe, na ujengwe mnara wa kuwakumbuka waliouawa mwaka 1970. Katika siku mbili menejimenti ilikubali nyongeza, na baadhi ya watu wakaanza kutoka. Hapo wanawake, akiwamo Walentynowicz na muuguzi Alina Pienkowska, walikimbilia malangoni kuwazuia. Hoja yao ilikuwa kwamba viwanda vidogo vilivyogoma kwa kuwaunga mkono vingeachwa peke yao na kuangamia. Mgomo ukaendelea, safari hii kwa niaba ya wote. Iliundwa kamati moja ya mamia ya viwanda, na madai 21 yakaandikwa kwa mkono juu ya mbao na kutundikwa langoni. Mbao hizo leo zimo katika orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia, tangu mwaka 2003.

Ndugu askari polisi, hapa naomba mtege masikio. Wafanyakazi hawa hawakutoka kwenda barabarani. Walibaki ndani ya kuta za kiwanda. Walipiga marufuku pombe. Waliweka walinzi wao wenyewe malangoni. Hapakuwa na dirisha lililovunjwa wala duka lililoporwa, na kwa sababu hiyo polisi hakuwa na mtu wa kumpiga rungu. Tofauti kati ya 1970 na 1980 ni tofauti kati ya umati na chama. Umati una hasira tu, lakini chama kina madai, kina msemaji, na kina nidhamu. Kwa umati utapeleka askari. Kwa chama unaweza kumpeleka waziri.

Na waziri alikwenda. Naibu Waziri Mkuu Mieczysław Jagielski alikaa mezani na wafanyakazi katika ukumbi wa kiwandani uliotumika kwa mafunzo ya usalama kazini, na mazungumzo yao yalirushwa kwa vipaza sauti ili kila mfanyakazi asikie yanayosemwa kwa jina lake. Tarehe 31 Agosti 1980, mkataba ulitiwa sahihi. Serikali ilikubali vyama huru vya wafanyakazi na haki ya kugoma. Ulikuwa mgomo wa siku 18, na katika kiwanda hicho haikufyatuliwa hata risasi moja. Mwezi uliofuata vyama vya nchi nzima viliungana kwa jina la Solidarność, maana yake Mshikamano, na tarehe 10 Novemba chama hicho kiliandikishwa mahakamani. Kilifikia wanachama wapatao milioni 10, katika nchi yenye watu takriban milioni 35.

Mnara nao ukajengwa. Tarehe 16 Desemba 1980, miaka kumi kamili tangu risasi za langoni, ulizinduliwa mahali pale pale: misalaba mitatu ya chuma yenye nanga, kimo chake mita 42, iliyoundwa na mikono ya waunda meli wenyewe.

Katika yale madai 21 lilikuwamo moja linalowahusu polisi, nalo si la kupendeza masikioni, lakini ni afadhali kulisikia. Wafanyakazi walidai kwamba upendeleo wa polisi, wa usalama wa taifa na wa watumishi wa chama tawala ukomeshwe: posho za familia ziwe sawa kwa wote, na mauzo maalumu yafungwe. Dai hili halikutokana na chuki dhidi ya mtu aliyevaa sare. Mama anayepanga foleni tangu alfajiri kutafuta nyama, akajua kwamba jirani yake ananunua kwa mlango wa nyuma kwa sababu ya sare, hawezi tena kumwona jirani huyo kuwa ni mlinzi wake. Upendeleo wa namna hiyo ni handaki linalochimbwa kati ya askari na raia, na siku ya matatizo askari hujikuta upande wa pili wa handaki ambalo hakulichimba yeye.

Tena wako askari polisi wa Poland walioliona hilo. Mwaka 1981 baadhi yao walijaribu kuunda chama chao wenyewe. Walikataliwa, na wengi wakafukuzwa kazi. Chama cha polisi kilikuja kuruhusiwa kisheria mwaka 1990.

Lakini tusiruke mambo. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 1981, Jenerali Wojciech Jaruzelski alitangaza utawala wa sheria za kijeshi. Simu zilikatwa, amri ya kutotoka nje ikawekwa, na viongozi wa Mshikamano wakakamatwa. Katika muda wote wa utawala huo watu wapatao 10,000 waliwekwa kizuizini. Tarehe 16 kifaru kilivunja lango la kiwanda cha meli cha Gdańsk. Siku hiyo hiyo, kusini mwa nchi, polisi wa kutuliza ghasia waliwafyatulia risasi wachimba makaa wa mgodi wa Wujek, wakauawa tisa. Mwezi Oktoba 1982 chama cha Mshikamano kilifutwa kwa sheria. Jenerali huyo alisema hadi mwisho wa maisha yake kwamba alifanya hivyo ili kuinusuru nchi isiingiliwe na majeshi ya Urusi ya Kisovieti. Wanahistoria wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo, nasi hatutaukata ubishi wao hapa.

Lisilobishaniwa ni matokeo yake. Kifaru kilivunja lango, lakini hakikujaza maduka, wala hakikulipa madeni ya nchi. Mwaka 1983 Wałęsa alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Mwaka 1988 migomo ilirudi tena, na kiwanda cha Gdańsk kilikuwamo. Mwishoni mwa mwezi Agosti mwaka huo, mtu aliyekwenda kuzungumza na Wałęsa alikuwa Jenerali Czesław Kiszczak, Waziri wa Mambo ya Ndani, yaani mkuu wa polisi wenyewe. Tarehe 6 Februari 1989 wakaketi kwenye Meza ya Duara. Mwezi Aprili chama kikarudishiwa uhalali wake. Katika uchaguzi uliofanyika mwezi Juni, upande wa Mshikamano ulipata viti vyote 161 ulivyoruhusiwa kugombea katika Bunge, na viti 99 kati ya 100 vya Baraza la Seneti. Mwezi Agosti Tadeusz Mazowiecki akawa Waziri Mkuu, na mwezi Desemba 1990 fundi umeme wa kiwanda cha meli akaapishwa kuwa Rais wa nchi. Utawala wa mabavu uliahirisha mazungumzo kwa miaka saba, na mwisho wake mazungumzo yakafanyika kwa masharti magumu zaidi kwa serikali.

Je, ushindi huo uliwaletea waunda meli raha? Hapana, si kwa namna waliyotazamia. Uchumi ulipogeuzwa kuwa wa soko huria, kiwanda chao kilishindwa kujiendesha, na mwaka 1996 kikafilisika. Maelfu ya watu wakapoteza kazi katika miaka hiyo, wakati Rais aliyetoka kwao alikuwa ndiyo kwanza ameondoka Ikulu. Hapa pana fundisho kwa vyama vyenyewe. Chama cha wafanyakazi kinaweza kuiangusha serikali, lakini hakiwezi kuitafutia meli mnunuzi. Na chama kinachoingia Ikulu huku kimevaa ovaroli lazima kiamue: ama kivue ovaroli kitawale, ama kitoke kikamtetee mfanyakazi. Mshikamano ulijaribu kufanya yote mawili kwa pamoja, na wanachama wengi waliuacha.

Lakini fundisho kubwa la leo ni la kwenu, ndugu wa majeshi na polisi. Yako maneno yanayosemwa mara nyingi: "Amri ni amri." Nidhamu ni roho ya jeshi, na jeshi lisilo na nidhamu ni janga kwa taifa. Hakuna anayewafundisha kinyume cha hayo. Hata hivyo tazameni mwisho wa mambo haya. Gomułka, aliyeidhinisha silaha mwaka 1970, alifariki mwaka 1982 bila ya kusimama mahakamani kwa ajili ya risasi zile. Jaruzelski, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wakati huo, alishtakiwa baadaye, lakini kwa sababu ya ugonjwa kesi yake haikufikia hukumu. Waliotiwa hatiani na mahakama ya Warsaw mwaka 2013 walikuwa makamanda wawili wa zamani wa jeshi, ambao walipewa vifungo vya nje, miaka 42 baada ya tukio. Na kuhusu mgodi wa Wujek, mwaka 2007 mahakama iliwatia hatiani askari wa zamani wa kikosi kilichofyatua risasi. Aliyeamuru huondoka, akazeeka, akafa. Aliyefyatua hubaki na jina lake kwenye jalada.

Basi kinga ya askari iko wapi? Haiko katika kuasi. Kinga yake kubwa iko mbali na kambi, mahali ambapo chama cha wafanyakazi kinaruhusiwa kukutana, kuchagua viongozi wake kwa kura, kudai, kugombana na mwajiri mezani, na kutia sahihi makubaliano ambayo pande zote mbili zinayaheshimu. Kila mkataba unaotiwa sahihi kwa namna hiyo ni risasi moja isiyofyatuliwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa wa kiwandani usipozibwa na waziri wa kazi, ukuta wake hutakiwa kujengwa na askari, kwa mwili wake mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu mpiganaji, unaposikia katika taarifa ya habari kwamba wafanyakazi wa kiwanda fulani wameketi na mwajiri wao, na kwamba mazungumzo ni marefu na yanachosha, usiseme kuwa watu hao wanapoteza wakati. Wanakufanyia wewe kazi. Na siku utakapowekwa zamu penye mgomo wa amani, kumbuka kwamba unalinda pande mbili: mali isiharibiwe, na watu wasidhuriwe. Unailinda pia nafasi ya mazungumzo, ili wale wenye dhamana ya kuzungumza wapate wakati wa kufika.